Kwa wanaouguza wagonjwa wa saratani wanaokonda: kilichotusaidia ni kuonwa na timu nzima kwa pamoja

Binti wa Kibosho (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni kwa ajili ya wanaouguza wagonjwa wa saratani nyumbani, hasa wale ambao mgonjwa anazidi kukonda na chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Habari za kemo, mionzi na upasuaji tunaulizana sana. Kuhusu kukonda tunaambiwa tu "ajitahidi kula", mazungumzo yanaishia hapo.

Baba yangu ana saratani ya tumbo. Alikuwa na kilo 71 kabla ya kuugua, akashuka hadi 60. Mkanda wake mama aliutoboa matundu mapya kwa msumari wa moto. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba ni ule ugonjwa mwingine, mama akaacha kwenda jumuiya kwa sababu kila akitoka anaulizwa, "Mzee vipi, mbona amekwisha hivyo?"

Hospitali tuliyoanzia, ambayo sitaitaja, kila mtu alikuwa na eneo lake. Daktari aliangalia uvimbe na majibu ya damu. Dirisha la dawa walitoa dawa. Kilo za baba ziliandikwa kwenye faili kila kliniki, zikawa zinashuka mbele ya macho ya watu wote, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuziulizia. Nyumbani nako kulikuwa na vita. Mama anaamka alfajiri anapika mtori, baba anakula vijiko vitatu anasukuma bakuli. Mama ananyamaza, anaenda jikoni. Shangazi akija anasema mgonjwa hapewi vitu vya nguvu. Mwisho baba akawa anajifanya amelala akisikia sahani zinagongana.

Mambo yalibadilika tulipopewa rufaa kwenda hospitali nyingine, kwa timu ya huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Najua wengi wakisikia shufaa wanafikiria mtu anayekata roho. Baba alikuwa anatembea na anaendelea na kemo yake.

Tuliingizwa chumba kimoja: daktari, nesi, mtaalamu wa lishe na mtu wa fiziotherapia (mazoezi ya viungo) wameketi pamoja, na mama akawekewa kiti karibu na baba. Daktari akamuuliza baba ni nini kinamsumbua kuliko vyote. Sisi tulitegemea aseme maumivu, au kilo. Akasema, "Kinachonisumbua ni mke wangu kulia jikoni."

Hapo daktari akamgeukia mama, si baba. Akamweleza kwamba saratani inaweza kuufanya mwili uwe vitani muda wote, ukatoa kemikali zinazokata hamu ya kula na wakati huo huo zinavunja misuli. Ndiyo maana mtu anaweza kula na bado akakonda. Mwili unakuwa kama mwenye nyumba anayeng'oa milango yake mwenyewe apate kuni za kupikia. Hali hiyo inaitwa kakeksia. Wataalamu wa kimataifa walikubaliana mwaka 2011 kwamba moja ya vigezo vyake ni kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia. Baba alikuwa amepita asilimia 15. Akaongeza kuwa chakula peke yake hakiwezi kurudisha misuli yote iliyokwenda.

Mama akauliza, "Kwa hiyo si mtori wangu?"

"Si mtori wako, mama."

Sijui niwaelezeje sura ya mama yangu wakati ule. Miezi yote hiyo alikuwa anabeba lawama ambayo haikuwa yake.

Halafu ndiyo nikaona faida ya kuwa chumba kimoja. Nesi aliwasha tochi ya simu akamwambia baba apanue mdomo: utandu mweupe ulimi mzima na ndani ya mashavu, fangasi. Mtaalamu wa lishe alikuwa ameanza kutaja maharage na mboga za majani, nesi akamkatiza kwamba mzee hajapata choo tangu Jumapili kwa sababu ya mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali. Wakakubaliana pale pale: kwanza matone ya fangasi na dawa ya kulainisha choo, chakula kipangwe baadaye. Wangekuwa vyumba vinne tungetoka na karatasi nne zinazogombana, na wa kuamua ipi ifuatwe angekuwa mama.

Mtu wa fizio alimwomba baba ainuke kwenye kiti huku amekunja mikono kifuani. Hakuweza. Akaweka mto juu ya kiti, baba akainuka. Hilo likawa zoezi la nyumbani, kukaa na kuinuka asubuhi na jioni, na mto unapunguzwa unene kadiri anavyopata nguvu.

Kilo 71 hazijarudi, na tuliambiwa mapema tusizitarajie. Amekuwa akicheza kati ya 60 na 61. Lakini anainuka bila mto, anatembea mwenyewe hadi kwa jirani, na anakula mezani pamoja nasi kidogo anachoweza bila mtu kumhesabia vijiko. Ningependa kusikia kwa wengine, wagonjwa na wanaouguza, mmepitia nini.

Fundi wa Mbagala

Dada, mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Saratani ya utumbo mpana. Naomba niseme upande wetu, maana wanaotuuguza hawauoni na sisi tunashindwa kuusema bila kuonekana hatuna shukrani.

Kula kulikuwa kazi nzito kuliko useremala wangu. Nyama ilikuwa na ladha ya chuma. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilinitoa chumbani. Mke wangu akisema "jikaze kwa ajili ya watoto", namwelewa kabisa, lakini tumbo linafunga palepale. Na kila mgeni anaanza na "umekonda!" Nilijua nimekonda. Naoga kila siku, mbavu naziona.

Nilikoenda, mtaalamu wa lishe aliniambia nitumie kijiko cha plastiki, nisukutue kwa maji yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea kabla ya kula, na chakula kikuu kiwe asubuhi ninapokuwa na nguvu, si usiku. Jiko la mkaa likahamia nyuma ya nyumba. Nesi akasema mizani ya nyumbani iondolewe, wao watapima kliniki inatosha. Hayo ni mambo madogo na yalinirudishia heshima.

Ila aliyenisaidia kuliko wote ni kijana wa fizio. Wengine wote walikuwa wananitia kitu mdomoni, yeye aliniuliza nataka kufanya nini. Nikamwambia nataka kupiga randa tena. Akanipangia: nianze kwa kusimama mezani dakika chache, halafu vipande vidogo, nikichoka nikae. Siku niliyomaliza kigoda nilikula wali bila kuambiwa.

Mama Abuu wa Unguja

Nimesoma nikalia. Namuuguza mama yangu, saratani ya kongosho. Huku kwetu ndugu wamegawana makundi mawili. Kundi moja linasema sukari ndiyo inayolisha saratani, basi uji hautiwi sukari, maembe hapewi, tende hapewi. Kundi la pili linamletea maji ya majani ya stafeli bilauri nzima kila kabla ya chakula. Akishakunywa ameshiba. Na jengine, naomba radhi kwa kulisema, hata hicho kidogo anachokula naona kinatoka na mafuta mafuta, choo kinaelea na harufu yake kali. Hakuna niliyemwambia hili, naona haya.

Lishe Nakuru

Mama Abuu, pole sana, na ahsante kwa kulisema. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote uliyoandika. Choo chenye mafuta kinachoelea, kwa mgonjwa wa kongosho, mara nyingi maana yake ni kwamba kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha kusaga chakula. Ziko dawa za vidonge vyenye vimeng'enya hivyo, humezwa pamoja na chakula. Mweleze daktari hivyo hivyo ulivyotueleza. Muombe pia ampime sukari ya damu, kwa kuwa saratani ya kongosho yaweza kuleta kisukari, na jibu la suala la sukari litategemea kipimo hicho.

Kama hana kisukari, kumnyima uji wenye sukari hakuui uvimbe kwa njaa. Seli zote za mwili hutumia glukosi, yaani sukari iliyo kwenye damu, na mwili huitengeneza wenyewe hata usipoila, ikiwemo kwa kuvunja misuli. Anayepoteza ni mama.

Stafeli: tatizo la kwanza umeliona mwenyewe, linajaza tumbo. La pili, lina kemikali iitwayo anonasini inayodhuru neva. Kisiwani Guadeloupe watafiti wamehusisha matumizi ya muda mrefu na ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo. Usigombane na ndugu. Waombe waje kliniki walisikie kwa timu yote.

Kwa hesabu za jikoni: mwongozo wa chama cha Ulaya cha lishe ya kitabibu, ESPEN, unasema kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Mtu wa kilo 50 ni gramu 50 hadi 75 za protini. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, konzi ya karanga 7. Ukipika uji wa ulezi kwa maziwa badala ya maji, ukakorogea siagi ya karanga na yai ukaliacha liive, kikombe kidogo kinabeba mzigo wa sahani. Kidogo kidogo, mara nyingi.

Na kuhusu timu, hili si jambo la kubuni. Kliniki za namna hiyo zipo miaka mingi, kwa mfano MD Anderson huko Houston, McGill huko Montreal, na Barwon Health huko Geelong, Australia. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao MENAC, wagonjwa wa mapafu na kongosho walio kwenye kemo: walioongezewa kwa pamoja lishe, mazoezi na dawa ya kutuliza ile vita ya mwili aliyoieleza daktari wa baba walibaki na uzito wao kwa wiki 6, wenzao wakapoteza karibu kilo 1. Misuli yenyewe haikuonyesha tofauti, kwa hiyo tusiahidi miujiza. Na tafadhali, dawa iliyotumika ni ibuprofeni, msijinunulie dukani. Kwa tumbo na figo za mgonjwa yaweza kuwa hatari.

Msafiri wa Bomet

Huku kwetu saratani ya umio imetumaliza. Mzee wangu alifika mahali hata mate hayapiti. Aliwekewa stenti, kijibomba cha kufungua njia ya chakula, hospitali ya Tenwek, akaanza kumeza uji na supu, tukafurahi tukidhani atanenepa. Hakunenepa. Njia ilifunguka lakini hamu haikuja, ndiyo nimeelewa sasa kwa nini, kupitia maelezo ya daktari wa huyu dada.

Timu ya kukaa chumba kimoja hatuna. Tulichofanya ni kununua daftari moja. Kila anayemwona mzee anaandika humo: daktari, nesi wa hospisi (huku ndiyo huduma shufaa), yule wa lishe wa kaunti, hata dadangu anaandika alichokula na alichotapika. Daktari akitaka kuongeza mofini anafungua anaona nesi ameandika choo kigumu. Mwanzoni walituangalia tu, baadaye wakawa wanaliitisha wenyewe, "Daftari liko wapi?" Nesi wa hospisi ndiye aliyekuwa anawapigia wengine simu. Bila mtu mmoja wa kuwaunganisha, daftari lingebaki karatasi tu.

Kaka wa Mwananyamala

Nitasema tofauti kidogo, si kwa ubaya. Mama yangu alipata timu hiyo. Watu wazuri, sina neno. Lakini kila kliniki ilikuwa siku nzima: kusubiri, maswali yale yale kwa watu wanne, karatasi ya chakula, karatasi ya mazoezi, na mama amekaa kwenye benchi la mbao hana nyama makalioni. Akirudi analala siku mbili. Mazoezi hakuyataka, akaanza kuona wakija kama walimu wanaokagua daftari. Mimi nauli na kukosa kibarua. Alifariki. Timu ni jambo jema, lakini mtu aliyedhoofika anachoka hata kwa wema.

Binti wa Kibosho (mleta uzi)

Kaka, pole sana kwa msiba, na nimefurahi umelisema. Baba naye siku ya kliniki anachoka kesho yake yote. Kwetu walikubali vitu viwili tulipowaomba: tuingie wa kwanza asubuhi, na miadi moja ikiisha inayofuata iwe kwa simu kama hana shida mpya, mtu wa lishe na nesi wanazungumza na mama. Na mto wa kukalia tunaenda nao. Ila kama mgonjwa hataki mazoezi, nadhani timu inayojali inapaswa kulikubali hilo na kuuliza anataka nini.

Mjomba wa Kigamboni

Wakuu naomba msaada. Dada yangu amepewa olanzapini usiku ili apate hamu ya kula. Mtoto wake kaitafuta kwenye simu, kaona ni dawa ya magonjwa ya akili. Sasa nyumba nzima imechafuka, wanasema daktari kamwona dada chizi. Ameacha kuimeza.

Mfamasia Arusha

Mjomba, mweleze kwa utulivu. Ni kweli ilianza kama dawa ya magonjwa ya akili, kwa dozi kubwa zaidi. Ikaonekana inazuia kutapika na kuongeza hamu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa JIPMER, hospitali iliyoko Puducherry, India, kwa wagonjwa 124 wanaoanza kemo: waliopewa miligramu 2.5 kila siku, asilimia 60 waliongeza uzito kwa zaidi ya asilimia 5. Waliopewa kidonge kisicho na dawa ni asilimia 9. Mwaka huo huo chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, ASCO, kikaiweka kwenye mapendekezo yake. Usumbufu wake mkubwa ni usingizi, ndiyo maana humezwa usiku, na akiamka gizani ashikwe mkono asianguke. Aliyeandika dawa bila kumweleza mgonjwa aliruka hatua, na hapo ndipo mfamasia anapohitajika kwenye timu. Arudi kwa daktari wake kabla ya kuianza tena, amwambie na dawa nyingine zote anazomeza.

Mama Abuu wa Unguja

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Suala la mwisho, na hili nimelilalia usiku mzima. Nitajuaje kama umefika wakati wa kuacha kumlazimisha? Mwenyewe kaniambia, "Mwanangu, niache nipumzike." Mimi nikimwacha naona namuua kwa njaa.

Sista wa Shufaa

Mwanangu, nimefanya kazi hii miaka mingi, na swali hilo naulizwa na karibu kila mtoto wa mgonjwa. Nikuambie ninavyowaambia wao nikiwa nimewashika mkono.

Kuna hatua ambapo ugonjwa umetangulia sana na mwili haupokei tena. Hapo mtu hafi kwa sababu hakula. Anaacha kula kwa sababu mwili unafunga kazi zake. Ukimlazimisha, anaweza kupaliwa, akatapika, tumbo likajaa, na dripu za maji zikamletea uvimbe na kikohozi. Lakini hatua hiyo huitambui wewe peke yako nyumbani, na kwa ulivyoeleza sidhani mama yako amefika, maana lile la vimeng'enya halijajaribiwa. Huenda amechoka kugombaniwa, na hilo ni jambo lingine. Ndiyo maana nataka umpeleke aonwe.

Ikifika siku ambayo timu inakuambia sasa ni kumtuliza, kazi yako haijaisha. Mloweshe midomo kwa kitambaa safi chenye maji, mpake mafuta midomoni, msafishe kinywa kwa pamba laini. Akitamani funda moja la maji ya madafu au kijiko cha maziwa, mpe akiwa ameinuliwa kichwa. Msugue miguu. Mkalie karibu wakati wengine wanakula, asitengwe na sauti za nyumba yake.

Mama Abuu wa Unguja

Nimekufahamu sista. Jumatatu tunavuka na boti kwenda Dar, tumeshapata miadi. Mjomba wangu, yule wa stafeli, kasema na yeye anakuja. Nibebe nini?

Sista wa Shufaa

Vizuri sana aje, mpeni na yeye kiti. Beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za majani, msifiche hata moja. Andika alichokula na kunywa siku tatu hizi, hata kama ni vijiko viwili, na lile la choo liandike juu kabisa ili usione haya ukifika. Na kabla hamjaondoka muulize mama yako mwenyewe anataka wamsaidie nini, umwache ajibu mwenyewe.